Nyusi za Mama Mkunga

Mama Mkunga alikuwa na jambo moja la kujisifia, na hakuchoka kujisifia: kwamba tangu akabidhiwe kliniki ya akina mama waliowahi kuzaa kwa upasuaji, hajamchagulia mwanamke hata mmoja njia ya kuzaa mtoto anayefuata. Ukimpa nafasi atakuambia, na usipompa ataitafuta mwenyewe. Kwenye harusi, kwenye foleni ya benki, hata msibani, mtu akiteleza tu akauliza habari za kazi, basi imekwisha habari yake. "Mimi sichagulii mtu," alikuwa akisema, kiganja kifuani. "Naeleza, nanyamaza. Mwenye tumbo ndiye mwenye neno."

Na kueleza alieleza kweli, tusimdhulumu. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya wajawazito, kina dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka, kitanda cha kupimia, meza, na viti viwili vya kimo kimoja. Viti hivyo alivigombania kufa na kupona. Cha mgonjwa zamani kilikuwa kifupi, na yeye alisema mtu hawezi kuamua mambo ya mwili wake huku anakutazama kutoka chini kama aliyekuja kuomba radhi. Mhasibu wa hospitali alimkwepa wiki nzima, kisha akasalimu amri, viti vikaletwa.

Juu ya meza ndipo lilipokaa kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, karatasi yake imebanduliwa, na ndani mlikuwa na maharage mia mbili, yote meupe isipokuwa moja jekundu. Mwanamke akishakaa, kwanza Mama Mkunga alitafuta kwenye karatasi za hospitali namna kovu la ndani lilivyokatwa, maana la nje halisemi ukweli wote. Likiwa ni moja tu, limelala kwa chini, na mtoto amekaa vizuri, na pana chumba cha upasuaji kilicho tayari saa zote, basi njia zote mbili ziko wazi. Hapo kopo lilitikiswa.

"Fumba macho, chukua moja."

Mwanamke alichomoa jeupe.

"Haya. Jekundu ni yule mmoja katika mia mbili ambaye kovu linaachia akiwa kwenye uchungu. Likiachia si mchezo, kwa mama wala kwa mtoto, ndiyo maana hatukuruhusu uzalie nyumbani. Chukua tena."

Jeupe. Jeupe tena. Wanawake walicheka, wakachomoa mpaka vidole vikachoka, na wengi waliondoka hawajalitia machoni hilo jekundu.

Siku moja tu kopo lilimtia aibu. Aliyapeleka maharage nyumbani kuyaosha, kwa kuwa yalishapita mikononi mwa nusu ya mji, akayaacha jikoni kwenye maji. Mumewe, fundi saa aliyestaafu na kugundua uzeeni kwamba anapenda kupika, akaona baraka imeshuka. Jioni mkewe alikuta sufuria inachemka.

"Mzee! Umepika wagonjwa wangu!"

"Mimi nimeona maharage yamelowekwa," alisema mzee. "Hayakujitambulisha."

Jekundu liliangukia sahani ya mzee mwenyewe, akalitafuna taratibu huku anamtazama mkewe. Akina mama wa siku iliyofuata walielezwa kwa mdomo mtupu, mpaka kopo lilipojazwa upya.

Hivyo ndivyo maisha yalivyokwenda mpaka mkamwana alipohamia.

Mkamwana huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mke wa mtoto wao wa pekee, fundi wa nguzo za umeme ambaye kazi ilimpeleka huku na huko na kumrudisha siku za mapumziko. Walikuwa na binti mdogo aliyezaliwa kwa upasuaji wa dharura, na sasa mimba ya pili ilikuwa imekua, ikaonekana ni busara mama na mtoto wahamie kwa wakwe, karibu na hospitali. Mwalimu alikuja na begi, na rundo la madaftari ya wanafunzi, na binti aliyerithi kutoka kwa bibi yake nyusi nene nyeusi zilizokaa juu ya uso mdogo kama zimeazimwa.

Siku ya tatu, chakulani, mwalimu aliweka kijiko chini. "Mama, baba, nimeamua. Huyu nitamzaa kwa njia ya kawaida."

Mama Mkunga alisema, "Sawa, mwanangu. Uamuzi ni wako." Alisema kwa utulivu mkubwa. Kisha alikumbuka kitu chumbani, akaenda, akafunga mlango, akakumbatia mto akacheza nao. Alikuwa ameota jambo hili. Mara ya kwanza alikuwa safarini mkwewe alipopelekwa leba, akafika mambo yamekwisha. Safari hii angekuwepo, angemkanda kiuno, angemwambia "pumua, mama, pumua", angempokea mjukuu kwa mikono yake mwenyewe. Kesho yake kazini aliwaambia wauguzi wawili, mfagizi, na daktari mkuu wa wodi ambaye hakuwa ameuliza.

"Na sikumwambia neno," alimwambia mumewe usiku huo wakijifunika. "Hata nusu neno."

"Neno hukusema," alikubali mzee, akageukia ukutani haraka kuliko kawaida yake.

Sasa kukawa na harusi ya mpwa wake, na mpwa akamng'ang'ania shangazi arembwe. Nyusi zile zilikuwa hazijaguswa tangu aumbwe. Zikachongwa mpaka zikabaki nyuzi mbili, na juu ya nyuzi zikachorwa nyingine kwa wanja, nyembamba, zimepanda juu. Alitoka saluni anaonekana kama mtu aliyeambiwa habari asiyoitegemea, na wanja ule ulikuwa wa gharama, ulikataa kutoka kwa maji. Siku ya kazi akaenda nao hivyo hivyo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa msusi. Mwanamke mwenye maneno mengi na mikono inayonukia mafuta ya nywele, mimba ya pili, upasuaji mmoja, kovu limelala, kila kitu sawasawa. Mama Mkunga alieleza. Kopo likatikiswa. Jeupe, jeupe. Lakini msusi alikuwa hatazami kopo. Alimkodolea mkunga paji la uso, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Una swali?" aliuliza Mama Mkunga.

"Mama, samahani. Nani amekufanyia hivi?"

"Hivi nini?"

"Nyusi. Sasa sisi tutajuaje?"

"Mtajua nini?"

Msusi alitambua kwamba amekanyaga pasipokanyagika, akafumba mdomo. Lakini mdomo wa msusi haukuzoea kufumbwa, ulivumilia kidogo tu kisha ukamwaga mtama wote. Benchi lote la nje linajua, alisema. Mama mwenyewe husemi, hilo ni kweli, tunakusifu. Ila ukitajiwa upasuaji, nyusi zako zinakutana hapa katikati kama majirani wanaosengenya. Ukitajiwa kawaida, zinapanda, tena unakuwa na sura nzuri siku hiyo. Wanaotoka wanawaambia wanaoingia. Usisikilize sana kopo, wanasema, angalia nyusi.

"Dada yangu alikuja hapa akaamua kwa nyusi," alimaliza msusi. "Amezaa salama, hana ugomvi na wewe. Ndiyo maana na mimi nikaja. Sasa leo zimekaa kama alama ya kuuliza, nimeshindwa kusoma."

Miaka yote hiyo, kiganja kifuani, mwenye tumbo ndiye mwenye neno! Mama Mkunga alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia, akakosa. "Na wewe mwenyewe," aliuliza kwa sauti ndogo, "ulikuwa unataka nini?"

"Mimi?" Msusi alishangaa kweli. "Sijajiuliza. Nilikuja kuangalia nyusi."

Basi Mama Mkunga alisimama, akakigeuza kiti chake kile alichokigombania, akaketi kwa kumpa msusi kisogo, uso dirishani. Akaanza upya tangu mwanzo, akiyaeleza mashuka. Na ajabu, msusi aliponyimwa uso wa kusoma, maswali yalianza kumtoka. Uchungu ukichelewa wataufanyaje? Mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto itamlazimisha kulala chali? Akisema anajaribu, halafu katikati akasema basi, watamsikiliza au watamwita mwoga? Kila swali lilijibiwa na mashuka. Mwishowe msusi alivuta pumzi. "Nitajaribu kwa kawaida. Lakini nikisema basi, iwe basi. Andika hivyo."

Mama Mkunga aliandika bila kugeuka, na mwandiko ukaenda upogo.

Lakini siku ile moyo wake haukuwa kwa msusi. Kama wanawake wanaomwona mara moja kwa mwezi wanasoma uso wake, je, yule anayekula naye asubuhi, mchana na jioni? Alirudi nyumbani kwa miguu, anatembea upesi. Mzee alikuwa uani, lenzi jichoni, anachokonoa saa ya ukutani ya jirani.

"Mzee, nyusi zangu zinasema?"

Mzee hakuinua kichwa. "Mke wangu, mimi nimeishi nazo ujana na uzee. Sijawahi kukuuliza kama shati limependeza. Natazama tu, naenda kubadilisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa zitanijibu."

"Na siku ile mezani, yule mtoto alipotaja kuzaa kwa kawaida?"

Hapo mzee alitoa lenzi. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini akiitoa lenzi ujue mizaha imewekwa pembeni. "Zilipaa," alisema. "Tena kabla hajatamka. Alikuwa anakutazama wewe tangu unapakua chakula. Mimi niliona anamalizia sentensi kwa kuzifuata."

Mama Mkunga hakula vizuri jioni ile. Hofu yake ilikuwa nyepesi kuitaja na nzito kuibeba: kwamba binti wa watu anakwenda kuingia leba kwa ajili ya nyusi za mkwewe, na likitokea lolote, liwe jekundu au liwe lingine, litakuwa limechaguliwa na mtu asiye na tumbo. Na bado, alipojichunguza, alitamani vilevile azae kwa kawaida. Alitamani sana. Hilo ndilo lililomuudhi.

Jumapili mchana mzee alimchukua mjukuu kwenda kununua betri. Mwalimu alibaki jikoni anasahihisha madaftari, tumbo limesukuma meza. Akasikia mlango wa stoo ukifungwa kwa ndani, kisha sauti.

"Mwanangu."

"Mama? Uko wapi?"

"Nipo stoo. Usifungue."

"Kuna panya?"

"Hakuna panya. Nataka kukuuliza jambo na sitaki unione. Hapo mezani nimekuachia kopo."

Kopo lilikuwepo kweli, karibu na madaftari. Mwalimu alilitazama, akautazama mlango. Alikuwa mwanamke wa heshima, aliyejua kwamba mama mkwe akitaka kuzungumza kutoka stoo, unaweka kalamu chini. "Nakusikiliza, mama."

"Kama mimi nisingekuwepo duniani," ilisema sauti, "kama ungekuwa na mama mkwe muuza vitambaa asiyejua leba iko upande gani, ungetaka kuzaa vipi?"

Bomba la sinki likadondosha tone. Mama Mkunga, amekalia gunia la mchele, alishika magoti yake yote mawili.

Mwalimu alilivuta kopo, akalitikisa, akamwaga maharage mezani. "Mama, nikuulize na mimi kwanza. Katika wanawake wanne wanaojaribu, watatu wanazaa kwa kawaida. Siyo?"

"Karibu hivyo. Na aliyewahi kuzaa kwa kawaida kabla ana nafasi nzuri zaidi."

"Mimi sijawahi."

"Hata hivyo nafasi ipo, mwanangu, tena ni kubwa tu, wapo wengi ambao..."

"Mama, hata sauti yako ina nyusi."

Mama Mkunga alifumba mdomo.

"Sasa huyu wa nne," aliendelea mwalimu, anayapanga maharage kwa kidole, "yuko wapi humu? Nimeona jekundu. Jekundu ni yule wa kovu kuachia. Lakini yule ambaye kovu halijaachia ila mtoto amegoma, akaishia kupasuliwa baada ya kusota kutwa kucha, hayumo. Humu watu wote ni weupe. Kopo lako linasema kweli, ila linasema upande mmoja tu. Mwanafunzi wangu akiniletea hesabu hii nampa nusu ya alama."

Mama Mkunga alikuwa amelitikisa kopo lile kwa mamia ya wanawake. Halikuwa limempitia akilini kwamba kopo nalo lilikuwa na nyusi.

"Mimi jekundu haliniogopeshi," alisema mwalimu, na sauti yake ikashuka. "Mimi namwogopa wa nne, kwa sababu nilishakuwa yeye. Nililala na uchungu ule mpaka sijijui. Halafu wakanikimbiza kwenye korido, taa zinapita juu yangu, mtu ananivua pete, mwingine ananipa kalamu niweke sahihi, na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni. Najua walikuwa wananiokoa. Nawashukuru. Lakini sitaki kuingia mle tena hivyo. Nataka niingie kwa miguu yangu, nimeoga, najua siku. Nataka upasuaji wa kupangwa, mama. Hiyo ndiyo ningemwambia yule muuza vitambaa."

"Basi kwa nini ulisema kawaida?"

"Siku ile nilipozinduka, wewe ndiye nilikuona wa kwanza. Umetoka safari, hata viatu vina vumbi. Ukanishika mkono ukaniambia, 'Usijali, mwanangu. Wa pili utamsukuma mwenyewe.'"

Mama Mkunga aliikumbuka ile siku, na mkono ule wa baridi. Alikuwa amelisema kama kumpulizia mtoto kidonda. Hakujua kwamba alikuwa anamwachia deni. Machozi yalimtoka pale gizani kati ya mchele na mafuta ya kupikia, na kwa mara ya kwanza maishani alishukuru kwamba stoo yao haina taa.

"Nisamehe," alisema. "Nilitaka kukufariji. Ulikuwa umezaa tayari, mwanangu, hukuwa umebakiza kitu."

Kiti cha mwalimu kilisogea karibu na mlango.

Mama Mkunga alipangusa pua kwa mkono wa gauni, akajikohoza, akarudi kazini, maana kazi ni kazi hata ukiwa juu ya gunia. "Sasa nikueleze na upande wa pili, ambao kopo halisemi. Upasuaji nao una yake. Damu hupotea zaidi. Kidonda kitauma, utachelewa kumbeba yule mkubwa. Damu inaweza kuganda miguuni, ndiyo maana tutakusimamisha mapema hata kama utanilaani. Na kila kovu linaloongezeka, mimba inayofuata inakuwa na hatari zaidi, kondo la nyuma linaweza kujishika pale kwenye kovu likakataa kubanduka. Kwa hiyo swali la mwisho ni hili: mnataka watoto wangapi?"

"Wawili wananitosha. Mwanao anataka wanne."

"Mwanangu anazimia akiona sindano. Wanne awazae na nani?"

Mwalimu aliangua kicheko, kikubwa, cha kutoka tumboni, mpaka akashika meza. "Tumeshaongea, mama. Amekubali wawili."

"Basi umesikia yote. Ukibadilisha mawazo kesho, umebadilisha. Na uchungu ukitangulia kabla ya siku yenyewe, tutakuuliza upya. Haya, mimi sina zaidi."

"Fungua mlango, basi, nikuone."

"Bado."

"Kwa nini?"

"Zimekunjamana," ilikiri sauti. "Subiri zishuke."

Mzee na mjukuu wakarudi na betri zao, wakamkuta mwalimu ameegemea mlango wa stoo anafuta machozi ya kicheko, au ya kitu kingine.

"Unaongea na nani?"

"Na mama."

"Amefanya nini," aliuliza mzee, "mpaka ukamfungia?"

Tusidanganyane kwamba Mama Mkunga alitoka mle stoo mtu mpya. Kwa siku kadhaa alizunguka na sura ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Ile picha yake ya kumkanda mkwewe kiuno, ya "pumua, mama, pumua", alikuwa ameilea moyoni, na kuizika kulimuuma. Alimwambia mumewe hivyo waziwazi, na mzee hakutania. Walipokwenda na mwalimu kwa daktari mkuu, yule aliyesikia majisifu yote alimgeukia yeye badala ya mgonjwa. "Si tulisema kawaida hapa? Mama, unasemaje?"

"Mimi sina tumbo," alijibu Mama Mkunga, macho kwenye kalenda ya ukutani. "Muulize mwenye nalo."

Mwenye nalo akasema, na siku ikapangwa.

Kliniki nayo ilibadilika. Makopo yakawa matatu. La kwanza ni lile lile. La pili lilikuwa na maharage manne tu, matatu meupe na moja la madoa, huyo ndiye wa nne, na kila mwanamke alimshika mkononi akaambiwa habari zake. La tatu lilikuwa la upasuaji wenyewe, na makovu yanayoongezeka, na jinsi hatari inavyopanda mimba hadi mimba. Mzee alilalamika kwamba hana pa kuweka skrubu zake, kwa sababu nyumba nzima haina kopo lililobaki.

Kuhusu uso, alijaribu kisogo wiki moja, akaacha, wanawake walisema wanajiona wamegombana naye. Akaamua kuwa muwazi. "Kabla hatujaanza," alimwambia kila aliyeketi, "mimi nina upande wangu. Napenda kuzalisha, ndiyo kazi yangu, na nyusi zangu haziwezi kuficha. Zitazame vizuri, umalize, halafu tuongee habari zako." Na wao walizitazama, wakacheka, wakaongea habari zao. Msusi alizaa kwa kawaida, akatuma salamu kwamba hakusema basi hata mara moja, ila alisema mengine ambayo wauguzi hawatayasahau.

Siku ya mwalimu ilifika asubuhi isiyo na mambo mengi. Mumewe alikuja, akamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, pale akaona meza ya vyuma kwa mbali, rangi ikamtoka. Yeye anayepanda nguzo kwenye upepo! Mwalimu alivua pete zake mwenyewe, akazitia kwenye mfuko wa shati la mumewe, akampigapiga kifuani. "Kaa na baba," alisema. "Mama ataingia na mimi." Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa, na mgonjwa alikuwa ameshamchagua.

Akaingia kwa miguu yake, ameoga, ananukia sabuni.

Ndani, Mama Mkunga hakuwa mkunga. Alivalishwa gauni la kijani kama mgeni mwingine yeyote, akakalishwa kwenye kigoda upande wa kichwa, akaambiwa asiguse kitu, jambo ambalo lilikuwa adhabu tosha. Barakoa aliipandisha mpaka chini ya macho. Kofia aliivuta chini mpaka juu ya kope, kwa makusudi, maana nyusi zilikuwa zimeshaota zote, nene kama zamani, na alizijua. Alikuwa anaogopa. Miaka yote hii ya kazi, na alikuwa anaogopa kama mtu aliyekuja hospitali kwa mara ya kwanza. Hakutaka mwanawe huyu aione hofu hiyo na kuibeba.

Ganzi ilishashika. Pazia lilishainuliwa juu ya kifua. Upande wa pili daktari alisema neno, chombo kikagonga sinia. Mwalimu aligeuza kichwa akautafuta uso wa mkwewe, akakuta kitambaa juu, kitambaa chini, na macho mawili katikati.

"Mama."

"Nipo, mwanangu."

"Inua kofia."

"Haifai, wamesema tujifunike..."

"Nywele zifunike. Inua mbele." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mara ile sikuona uso wa mtu. Nataka kuziona."

Mama Mkunga alimtazama muuguzi wa ganzi, muuguzi akaitikia kwa kichwa. Basi kwa vidole viwili akaisogeza kofia juu, taratibu, nyusi zikatoka zote mbili zikafanya zilivyotaka, zikapanda, zikakutana, zikatetemeka, na yeye hakuzizuia.

Mwalimu alizitazama kwa muda mrefu. "Zinaogopa," alisema.

"Zinaogopa sana."

"Na mimi pia. Ziache hapo hapo, usizishushe."

Mama Mkunga aliinama karibu zaidi, wakabaki wanatazamana hivyo, mpaka nyuma ya pazia mtoto akalia.